Mama Afande Anajibu: "Nilipiga kelele 'chuchumaa', mwanangu akachuchumaa"

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa askari magereza au kwa watu wanaolala nao nyumba moja. Nimevaa gwanda la Magereza miaka 29 kabla ya kustaafu na kuja kufuga kuku hapa Kinyerezi, kwa hiyo barua hizi nimezisoma taratibu, nyingine mara tatu. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu. Wanaosubiri majibu ya mirathi na mikopo wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mama Afande. Mimi ni wadar, askari magereza wa cheo cha chini kabisa, nina miaka 26, na miaka miwili na nusu imepita tangu nimalize mafunzo Kiwira. Niko gereza mojawapo hapa Dar. Mwezi uliopita tulikuwa tunapokea mahabusu waliotoka mahakamani. Karandinga lilichelewa kwa foleni, giza limeshaingia, hesabu imekataa mara mbili. Mmoja wao, kijana wa rika langu, nilipomwambia achuchumae tumpekue akanitukania mama mbele ya watu wote. Mama yangu nilimzika Januari. Ninachokumbuka ni mkono wangu uko juu na kirungu, na koplo wangu amenishika kiwiko. Sikumpiga. Lakini juzi nimetoka zamu ya usiku, mwanangu wa miaka 3 akamwagia uji suruali yangu ya kazi. Nikapiga kelele: "Chuchumaa!" Mtoto akachuchumaa, Mama. Mke wangu amemchukua wamekwenda kwao Mbagala. Nimekuwa mtu gani mimi? Niombe uhamisho?

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole kwa mama. Umeitaja habari hiyo kwa maneno manne tu, ukaibana katikati ya hesabu na kirungu, kisha ukaendelea na safari. Mimi nimesimama hapo. Umezika Januari, ukarudi lindoni, na naamini hakuna aliyekuuliza kitu zaidi ya "umerudi lini?" Yule kijana hakujua kama una msiba. Alitupa tusi ambalo hutupwa kila siku kwenye uwanja wa gereza, likaangukia kidonda kibichi. Ungelipata tusi hilohilo Desemba, huenda ungemwambia "sogea ukutani" na ukaendelea na kazi.

Nikueleze kisa changu, ambacho nimekisimulia mara chache sana. Ilikuwa miaka ya tisini, gereza la mkoa mmoja, upande wa wanawake. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepata habari kwamba kaka yangu amelazwa na hali si nzuri. Ruhusa niliomba, nikaambiwa nisubiri wiki ijayo kwa sababu tuko wachache. Nikaingia zamu ya usiku. Saa sita hivi, mahabusu mmoja aliyeletwa jioni akaanza kugonga mlango. "Afande! Afande!" Nikamwambia anyamaze. Akagonga tena. Mara ya tatu nikamwita mwenzangu, tukafungua, nikamnasa kofi kabla hajafungua mdomo.

Mwenzangu alikuwa na tochi. Alipomulika nikaona kanga ya yule dada imelowa kifuani, matiti yamevimba. Alikuwa amekamatwa akaacha kichanga cha miezi miwili kwa jirani, maziwa yamejaa, anaungua kwa maumivu, anaomba kikombe na maji ya moto ajikamue. Alikuwa ananiita mimi, mwanamke mwenzake, kwa sababu alisikia sauti ya kike korido.

Nilipaswa kuandikiwa kosa lile. Sikuandikiwa, maana hakuna aliyesema. Siku ya tatu nilikwenda kumwomba radhi. Akanijibu, "Usijali afande, ndivyo palivyo." Kofi lile nimelitubia kwa Mungu miaka mingi, lakini jibu lile bado nalisikia.

Sasa angalia kilichotokea ndani yangu. Usiku ule ningeapa kwamba nina hasira na mahabusu mkaidi. Si kweli. Tangu asubuhi nilikuwa na hofu ya kufiwa na kaka, na uchungu wa kunyimwa ruhusa. Hofu ile haikuwa na mahali pa kukaa, maana kazini kwetu hofu haina ruhusa ya kuvaa sare. Hasira inayo. Kwa hiyo hofu ikavaa nguo za hasira na kwenda kumpiga mtu asiyehusika. Ujuzi wa kuitambua hali kama hiyo kabla haijafika mkononi, wasomi wanalo jina lake. Peter Salovey na John Mayer wa Marekani waliandika makala mwaka 1990 wakaiita akili ya hisia, na Daniel Goleman akalisambaza jina hilo duniani kuanzia 1995. Mimi nilijifunza kwa tochi. Maana yake kwa askari ni kujua unachokisikia kabla hujashika ufunguo, kujua anachokisikia yule aliye mbele yako, na kuchagua la kufanya ukiwa na habari hizo mbili.

Turudi kwa kijana wako wa karandinga. Ametoka selo kabla ya mapambazuko. Amekaa mahabusu ya mahakama siku nzima, huenda na njaa. Amesimama kizimbani dakika 3, akaambiwa upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa siku 14, na ni mara ya nane anaambiwa hivyo. Mamake aliyekuja kumwona amempungia mkono kwa mbali. Sasa ni usiku, anaambiwa achuchumae mbele ya wanaume 40. Tusi halikuwa halali na adhabu ya kinidhamu ipo, iandikwe kwenye kitabu na asikilizwe. Lakini askari anayejua siku ya mahakama ilivyo hushusha sauti jioni hiyo, hupekua mmoja mmoja pembeni panapowezekana, na huwaambia mapema kwamba maji yapo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu Desemba 2015, zinataka upekuzi ufanywe kwa kuheshimu utu na faragha ya mtu. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtesa mtu na kumpa adhabu za kumtweza. Hayo ni maandishi. Mimi nakuambia pia kwamba upekuzi wa heshima unakupunguzia matusi na unakupa usiku mtulivu, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Koplo wako mtafute umshukuru. Alifanya jambo kubwa: hakukugombeza, hakukucheka, alishika kiwiko. Kubalianeni kwa maneno. Sisi tulikuwa na neno letu, "Nishikie hapa." Askari akilisema, mwenzake anachukua nafasi yake papo hapo bila kuuliza, naye anatoka hatua 20 kwenda kunywa maji. Si woga. Niliwahi kulisema mara mbili kwa zamu moja na hakuna aliyenidharau. Ukiwa peke yako na damu inapanda, toa pumzi nje polepole, ndefu kuliko uliyovuta, mara tano au sita. Moyo hupunguza mwendo ukitoa pumzi taratibu, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Kisha jiambie kimyakimya jina la kitu chenyewe: "Nina uchungu wa mama." Kukitaja tu kunakitoa kwenye mkono na kukirudisha kichwani.

Kuhusu nyumbani. Ulibeba sauti ya lindoni ukaingia nayo jikoni. Ukitoka zamu ya usiku, usiende moja kwa moja. Badili nguo kazini kama pana nafasi, gwanda lifungwe mfukoni. Shuka kituo kimoja kabla, tembea. Kaa kwenye benchi la muuza kahawa, kunywa kikombe kimoja, sikiliza wazee wakibishana Simba na Yanga. Dakika 20 zinatosha. Lala kabla ya kuzungumza jambo lolote zito, na mama mtoto akutundikie kanga nzito dirishani, maana usingizi wa mchana chini ya bati la Dar ni vita nyingine. Na pombe isiwe ndiyo daraja lako la kutoka gerezani hadi nyumbani. Viroba vilipigwa marufuku 2017, lakini vichupo vidogo vipo kila duka, nami nimezika wenzangu wawili walioanzia na kimoja tu baada ya zamu.

Nenda Mbagala. Usimtume mtu, usipige simu kwanza. Mbele ya mkeo, chuchumaa wewe, uwe kimo cha mtoto, umwambie: "Baba alikosea kukupigia kelele. Huna kosa." Mtoto wa miaka 3 anaelewa hilo. Kisha mweleze mkeo habari ya kirungu na ya mama, yote.

Uhamisho usiombe kwa sasa. Kidonda utahama nacho. Ila ukiona wiki 3 zinapita hulali, unashtuka kwa sauti ya funguo, au unatamani kumuumiza mtu, nenda hospitali. Amana ipo, Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Najua vijana wetu: ukimwambia aende kwa daktari wa akili anadhani unampeleka Mirembe. Mwanangu, unakwenda kama unavyokwenda na jino.

Na swali lako, umekuwa mtu gani. Umekuwa mtu aliyeshtuka mtoto alipotii. Ningepata barua ya askari ambaye hakushtuka, ningeogopa zaidi.

Shikamoo Mama. Ni koplo, mwanamke, kitengo cha wanawake. Kuna mahabusu mmoja ana adabu sana, ananiita dada. Ana watoto wawili wamebaki kwa bibi kipofu huko Vingunguti. Alianza kwa kuniomba nimpigie bibi simu kujua kama watoto wanakula. Nikapiga. Kisha akaomba nimletee sabuni. Nikaleta. Sasa anataka nipokee "mzigo mdogo" kwa shemeji yake pale kituo cha daladala. Nikisita analia. Wenzangu wananiambia nina moyo laini, kazi hii siiwezi.

Marahaba, mwanangu. Kazi unaiweza. Moyo laini si ugonjwa. Tatizo ni kwamba huruma yako umeipitisha dirishani badala ya mlangoni.

Siku alipokuambia habari za watoto na bibi asiyeona, ulichosikia kilikuwa sahihi. Wale watoto inawezekana kabisa wapo na wana njaa. Lakini ulipopiga kwa simu yako, jambo la watoto likawa siri ya watu wawili, na siri ina deni. Sabuni ikaongeza deni. Mzigo ndio malipo. Sisemi yule dada ni mwovu. Mtu aliyefungiwa hana anachomiliki ila kukusoma wewe, naye anakusoma saa 24. Amegundua mahali unapoumia na anapabonyeza, huenda hata yeye mwenyewe hajui kwamba anakubonyeza.

Mzigo usipokee. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wako ukamweleze yote, simu na sabuni pia, kabla hajayasikia kwa mwingine. Utagombezwa, huenda ukaandikiwa barua. Ikubali, itakuwa barua ya simu na sabuni, si kesi ya kilichomo ndani ya mzigo. Kisha pigania watoto kwa njia ya wazi: jina la bibi na mtaa vifike kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa kata, kupitia ofisi yenu, na ufuatilie hadi mtu aende akawaone. Hiyo ndiyo huruma ya askari, ina karatasi na ina muhuri.

Na yeye mwambie kwa sauti ileile ya siku zote, usimkasirikie: "Dada, mzigo siuleti. Watoto nimewapeleka ofisini, nitakuambia majibu Alhamisi." Alhamisi ikifika, hata kama majibu hayapo, nenda umwambie hayapo. Wafungwa wamezoea ahadi zinazoyeyuka. Ukitimiza ndogo kama hiyo mara tatu, utaona anavyobadilika, na utajua pia kama machozi yalikuwa ya watoto au ya mzigo.

Kuhusu kulia mbele yao, maana umeniuliza pia mwishoni mwa barua: niliwahi kulia, mfungwa aliposomewa barua ya kufiwa na mwanawe naye ndiyo kwanza ameanza kifungo. Nilisimama pale nikajifuta kwa kiganja, nikabaki naye. Hakuna aliyenipanda kichwani kwa sababu hiyo.

Afande, salaam. Mimi ni mkuu wa zamu, miaka 24 kazini. Nasikia sasa semina za hisia, hisia. Sisi tulifundishwa kwamba askari hana moyo akiwa lindoni, na magereza yalikuwa na nidhamu. Vijana wa sasa ukiwakaripia wananuna. Hizi hisia si ndizo zitakazotuletea watoro?

Salaam, mkuu. Nakuheshimu, na najua unachoogopa. Mtoro mmoja anaweza kufuta miaka 24 ya mtu.

Lakini nikuulize wewe unayejua kazi. Selo ikiwa na kelele za kawaida, nyimbo, ubishi wa drafti, unapata wasiwasi? Hapana. Unapata wasiwasi siku selo ile iliyozoea kelele imenyamaza. Unasimama, unasikiliza, unamwita nyapara, unamtazama machoni unajua anakuficha kitu. Hiyo ni nini kama si kusoma hisia? Umekuwa ukiifanya miaka 24 bila semina. Majaribio mawili ya kutoroka niliyowahi kuyajua mapema, sikuyajua kwa darubini ya mnara. Moja nililijua kwa mfungwa aliyeacha kula ghafla, jingine kwa mama aliyekuja kuniambia mwenyewe kwa sababu nilimuuguzia malaria. Watu huwaambia siri askari wanaoona kwamba wanawasikiliza.

Jeshi letu lilitenganishwa na Polisi mwaka 1931, enzi za mkoloni, na mkoloni hakuhitaji askari mwenye masikio, alihitaji mwenye kiboko. Yale ya "askari hana moyo" tumeyarithi huko. Leo hata kanuni za kimataifa nilizozitaja juu, ile ya 76, inataka askari afundishwe kutuliza ghasia kwa mazungumzo na usuluhishi, sambamba na matumizi ya nguvu. Vyote viwili.

Kuna jaribio maarufu lilifanyika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Agosti 1971. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwagawa vijana wa vyuo kwa bahati nasibu, hawa askari, hawa wafungwa, kwenye gereza la kuigiza. Lilipangwa kwa wiki 2, likasimamishwa siku ya 6 kwa jinsi "askari" walivyowatesa wenzao. Wengi husimulia wanaishia hapo, kwamba gwanda humgeuza mtu. Baadaye kumbukumbu zilionyesha kwamba vijana wale walielekezwa na wasimamizi wawe wakali. Ndiyo maana nakuandikia wewe, mkuu, na si vijana wako. Wadar huchukua sauti ya mkuu wa zamu. Ukimkaripia kijana mbele ya wafungwa, jioni atamkaripia mfungwa mwenye kifua kikuu. Ukimwita pembeni ukamwambia kosa lake, naye atajifunza kuita pembeni.

Jaribu mwezi mmoja tu. Kabla ya kukabidhi zamu, dakika 10, kila askari aseme jambo moja lililomchosha usiku huo. Anza wewe. Wataona haya siku tatu za kwanza. Siku ya nne mmoja atasema kitu ambacho ulipaswa kukijua tangu mwezi uliopita.

Mama shikamoo. Mume wangu ni askari magereza. Akirudi hasemi. Nikimuuliza "kazi ilikuwaje" anasema "kawaida" na kugeukia ukutani. Nimuulize nini?

Marahaba, mwanangu. Usimuulize kazi. Kazi ile haina jibu fupi, na jibu refu anahisi litachafua nyumba yako. Muulize jambo analoweza kulijibu akiwa amechoka: maji ya kuoga sasa au baadaye, chai au uji. Ukaribu unaanzia hapo, maneno yatafuata yenyewe, huenda usiku wa manane taa ikiwa imezimwa. Wakati huo usimpe ushauri. Sikiliza tu, na usiyapeleke kwa shoga.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala na hakuwahi kukanyaga gerezani. Usiku ule wa kofi, nilipofika alfajiri, aliniona tu nilivyofungua geti. Hakuuliza. Alitoa kigoda barazani, akaniletea beseni la maji ya vuguvugu ya miguu, akakaa kwenye ngazi akinoa patasi yake taratibu hadi jua likafika kwenye mwembe. Ndipo nikaanza kumwambia habari za yule dada na maziwa.